Jogoo wa Wekesa na Kibanda cha Video

Jumamosi moja ya Agosti, katika mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, haijanitoka moyoni. Keti, mwanangu, nikusimulie, maana nawasikia mkisema kwamba siku hizi asiyepiga kelele hali.

Mume wangu, marehemu Wekesa, alikuwa mchekeshaji wa filamu asiyetamka neno. Ufundi huo hakuusomea popote. Alikuwa akipulizia maua dawa katika shamba moja karibu na kijiji cha Kamere, na mpulizaji huvaa barakoa tangu asubuhi, akiongea, hasikiki. Basi walisemezana kwa mikono. Wekesa alipoigiza mwendo wa msimamizi wao mwenye kitambi, hata wageni walioajiriwa juzi, ambao Kiswahili kilikuwa bado kinawapiga chenga, walicheka wakakaa chini.

Mpiga picha za harusi alimwona, akaleta kamera. Wakatengeneza filamu fupi: mwanamume anamkimbiza jogoo wa kuwapikia wakwe, na jogoo anamshinda akili hadi wakwe wenyewe wanaingia mbioni. Kwa ajili ya filamu hiyo Wekesa aliacha kazi. Ikikataliwa, angerudi kumwangukia msimamizi yule yule, nami nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza.

Tulihamia mjini Nakuru, tukapanga chumba katika mtaa wa Rhonda kwa mama mmoja mzee, Wangari, tuliyemwita Shosho, yaani bibi. Jumamosi hiyo, siku ya kuipeleka filamu kwenye kibanda cha video cha Kaptembwo, mtaa wa jirani, alijifunga kitambaa chake cha kanisani akatusindikiza, akisema kwamba maharusi hawaachiwi kupatana bei peke yao.

Wakati huo kila kibanda kilikuwa na dijei, kijana mwenye maikrofoni aliyewasemea waigizaji wa filamu za kigeni na kuongeza mizaha yake. Kariuki, mwenye kibanda, alitaka dijei wake, Toni, amsemee Wekesa pia.

"Huyu namwekea lafudhi ya kwao, mkwe namwekea ya jirani," Toni alisema akichekelea. "Watu watakufa, boss!"

"Na bila sauti?" Wekesa aliuliza.

"Bila sauti watadhani spika imeungua," Kariuki akajibu. "Mtu atoke kazini amechoka, aje kuangalia bubu?"

Wekesa alinitazama tumbo, kisha akasema, "Haya, sawa." Nami, nikikumbuka kodi ya nyumba, nilishusha pumzi.

Shosho hakushusha. "Wewe Wekesa, ukiwa na barakoa kule kwa maua, ni nani alikuwa anakusemea?"

"Hakuna, Shosho."

"Na walikuelewa?"

"Walinielewa."

"Sasa mbona unaazima mdomo? Huyu kijana akikutia kabila mdomoni leo, nusu ya kibanda itacheka nusu ile ingine. Nimezeeka hapa Nakuru. Kicheko kama hicho nakijua, na najua kwenye kinaishia."

Mapigano ya makabila yalikuwa yamewahi kupita hapo mjini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wekesa alisimama wima, kitu ambacho katika michezo yake hakukifanya kamwe, akasema: "Zima maikrofoni. Watu wakitoka, nitarudi kupuliza maua."

"Mara moja tu," Kariuki akasema. "Wakizomea, Toni anaingia."

Jioni kibanda kikajaa, filamu ikaanza bila sauti, na watu wakazomea kweli. "Sauti! Weka sauti, wewe!" Toni aliinua maikrofoni, Wekesa aliifunika kwa kiganja chake na hakukiondoa. Ndipo jogoo akaruka, akatua juu ya kofia ya baba mkwe. Mwanamke mmoja muuza samaki aliangua kicheko. Mzee mmoja aliyeketi karibu naye akapiga paja: "Jogoo kama huyo anatoka kwetu Bomet!"

"Wacha uongo, mzee! Huyo ni wa kwetu Bondo, hata ujeuri wake naujua!" muuza samaki akamjibu.

Watu wakamgombania jogoo, kila mmoja akimdai ni wa kwao, hadi filamu ikaisha bila wao kujua. Kariuki alimgeukia Toni: "Rudisha mwanzo, haraka."

Tangu hapo Wekesa alicheza filamu hadi kifua kilipomkataza. Zilionyeshwa makanisani, sokoni, na katika shule ya watoto wasiosikia, ambako nilimwona akilia kwa furaha mara ya kwanza. Mimi nami, mama wa watoto watatu, nikajiunga na ngumbaru, darasa la watu wazima wasiojua kusoma, ili niyaandike majina ya filamu zake kwa mkono wangu. Sijutii hata herufi moja.

Mwezi uliopita vijana walikuja kwangu wakitaka kuzitia sauti na mizaha ya makabila ili ziende kwenye simu. Niliwapa chai. Filamu sikuwapa, na sitawapa.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Bendera hufuata upepo, lakini wewe si kitambaa. Kipaji ulichojaliwa kishike jinsi kilivyo, hata wanapokuzomea dakika za mwanzo. Ukitaka kuwachekesha watu, tafuta kinachowachekesha wote wakiwa wameketi pamoja. Cha kuwagawanya hakihitaji kipaji kukipata. Na mzee akikuuliza swali mbele za watu, usione haya kubadilisha jibu lako.

Mungu akupe uti wa mgongo usiopinda, majirani wa kila lugha mlangoni pako, na riziki isiyokuaibisha. Uzeeke ukichekwa kwa upendo, kama alivyochekwa Wekesa wangu.