Mama Asiambiwe, Ana Presha

Kwetu, mtu wa presha haambiwi msiba. Kwa hivyo mjomba alipofariki, mama hakuambiwa, ingawa marehemu alikuwa mdogo wake wa kumfuata.

Mjomba alikuwa mkulima huko Sirisia. Alipimwa sokoni, akaambiwa presha imepanda, aende hospitali. Akacheka. Ati presha ni ya watu wa ofisi, mbeba magunia ataipata wapi? Alianguka akipalilia mahindi, hakuinuka tena.

Mimi na mama tunaishi Kibomet. Nilimdanganya kwamba naenda semina Bungoma, kumbe naenda kuzika. Mjomba alizoea kumpigia simu kila Jumapili baada ya kanisa, sasa nikasema simu yake imeharibika. Mungu anisamehe, uongo ulinitoka kama maji.

Baada ya hapo mama akaanza kujigamba kwamba amepona. Akashika jembe, akalima sukuma wiki akiimba. Nilifurahi, mjinga mimi, mpaka siku nilipotandika kitanda chake nikakuta vidonge vya presha chini ya godoro, rundo zima.

Nikawaka. "Mama, unataka kufa?"

"Punguza sauti. Si nimewaambia nimepona? Kichwa hakiumi."

"Nesi alisema nini? Presha haibishi hodi! Utameza hata kama hujisikii vibaya!"

"Mtu mzima hamezeshwi dawa kwa kelele."

Nilijua kitu kimoja tu kingemtikisa, nacho ndicho tulichokificha. Nikimwambia, huenda akaanguka pale pale. Nisipomwambia, ataanguka siku nyingine kama mdogo wake. Niliogopa, jamani. Nikaketi kando yake, nikamshika mkono, nikamweleza yote: kupimwa, kucheka, shamba, kaburi.

Hakuanguka.

"Nilijua," akasema. "Tangu lini nyumba hii ikazima redio wakati wa matangazo ya vifo?"

"Sasa mbona hukuuliza?"

"Ningeuliza nani? Mtu wa presha haambiwi kitu. Nikaona nikiacha dawa, nikilima, mtasema huyu amepona, sasa aambiwe. Nilikuwa nangoja mniambie ndiyo nilie."

Mama akalia, kwa sauti, kwa Kibukusu, akimwita mdogo wake, mpaka majirani wakaja mlangoni. Hakuna aliyemnyamazisha.

Alipomaliza alijifuta uso kwa leso, akanyoosha mkono.

"Haya, lete maji nimeze. Kesho unanipeleka Sirisia."