Uso wa Nafula

Mwezi uliopita kijana wa mitungi ya gesi aligonga mlango wetu kwa kiganja. Si kwa vidole kama watu wengine, kiganja kizima, pa pa pa, juu ya bati. Nilikuwa nimeshika sufuria ya maharage mabichi. Nilijikuta nimekaa sakafuni, maharage yametapakaa mpaka chini ya kabati, na mume wangu kasimama ananicheka. "Mke wangu, umeona jini?" Na mimi nikacheka. Mwaka wa tatu huu tumeoana na sijamwambia. Nyinyi nawaambia kwa sababu hamnijui, wala hatutakutana sokoni Darajani mkanitazama kwa jicho.

Mlango nilioukumbuka uko Jeddah, mtaa wa Kandara, ghorofa ya pili, juu ya duka la Myemeni mmoja aliyeuza kila kitu kuanzia tende mpaka nyaya za umeme. Tulikuwa na vyumba viwili. Mama alishona mabaibui, basi nyumba nzima ilinuka kitambaa kipya na mafuta ya cherehani, na hata wali wetu, wallahi, ulikuwa na nyuzi. Baba alikuwa karani bandarini. Lakini ungemwita karani mbele yake angekununia wiki nzima, kwa sababu yeye kwa hesabu zake alikuwa mtu wa sinema.

Ujanani alipata nafasi ya masomo Moscow, zama za Wasovieti. Alitoka Unguja na viatu vya wazi akashuka kwenye theluji. Huko akafundishwa na mzee mmoja mtengenezaji wa filamu za kuchekesha, mtu ambaye nchi nzima ilimjua. Jina lake Baba hakulitaja hata siku moja. Alimwita Mwalimu, na alivyolitamka neno hilo ungedhani anazungumzia sheikh wake.

Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mimi na kaka yangu Hamdu tulipewa kipande cha maisha ya Mwalimu. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa nguo za jeshi, na hapo Mama alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alianza kwa kufanya vichekesho kwenye kumbi za wafanyakazi wa viwandani, usoni kajipaka unga. Filamu yake ya kwanza ilimhusu mkuu wa hamamu aliyeibiwa nguo, ikambidi aendeshe mkutano na taulo. Bwana mkubwa mmoja serikalini akajiona kuwa ndiye yeye, filamu ikakatwa vipande, na Mwalimu akatumwa miaka miwili akatengeneze filamu za kuwafunza watu kulisha ng'ombe. "Na za ng'ombe nazo zilichekesha," Baba alisema. "Yule ng'ombe alijua wakati wa kuitazama kamera."

Baadaye akarudishwa mjini, akatengeneza filamu ya harusi iliyopoteza bwana harusi, na watu wakapanga foleni kwenye baridi mpaka ndevu zikaganda. Mwenyewe hakucheka kamwe. Nchi ilipovunjika, kumbi za sinema zikageuzwa maduka ya makochi, na mzee akafia kwenye chumba kimoja na paka wake, redio ikamtaja kabla ya habari za hali ya hewa. Baba alikuwa kesharudi nyumbani wakati huo, anapiga picha za harusi za watu. Filamu hakupata kutengeneza hata moja.

Lakini kisa tulichokitaka sisi kila wiki ni cha yule mwigizaji mzee. Aliigiza mtunza stoo mwoga, na kuuigiza woga kukamshinda. Alitetemeka vizuri, alitoa macho, lakini hapana. Mwalimu akaiacha kamera ikizunguka, akamwendea mpaka sikioni, akamnong'oneza: "Wako nje. Wamekuja kukuchukua." Baba alituigizia uso ule, taya linashuka, mikono inatafuta vifungo vya koti visivyokuwepo. Tulicheka mpaka Hamdu akapaliwa. "Nchi nzima iliucheka uso huo," Baba alimalizia. "Woga wa kuigiza ni wa dukani. Ukiupata wa kweli, usikate. Anayekata mapema kaiua sinema."

Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, Mama alirudi na mgeni kutoka mtaa wa Al-Hindawiyah, alikokuwa amejificha chumbani kwa Wakenya wenzake wanane. Jina lake Nafula, mtu wa Bungoma. Ilikuwa ile miaka ambayo mawakala walizoa wasichana kutoka kila kijiji wakiwaahidi kazi nzuri Uarabuni. Yeye alipelekwa Riyadh kutumika nyumbani mwa watu. Madam wake alimpiga pasi mkononi kwa sababu ya kanzu iliyoungua, naye akatoroka, akafichwa na dereva wa kwao kwenye lori la vitunguu mpaka Jeddah. Kafili wake, yule mwajiri aliyeshika pasipoti yake, akamripoti kuwa katoroka. Kwa hiyo hakuwa na ikama, kile kibali cha kuishi nchini, hakuwa na pasipoti, hakuwa na kitu. Baba alituweka kitako mimi na Hamdu: akikamatwa kwetu, yeye anarudishwa Riyadh, na sisi tunafukuzwa nchini kwa kumficha. Tukaitikia ndiyo Baba.

Alikuwa akingojea karatasi ya safari kutoka ubalozini. Aliwaza jambo moja tu, mwanawe Brian aliyemwacha na miaka miwili. "Huyo akiniona atanikimbia," alisema huku akipinda pindo za mabaibui. "Nitamfukuza shamba yote mpaka nimshike. Akilia, alie. Nitamshika tu."

Na alijua kuchekesha, jamani! Alijifunga taulo kichwani akawa madam, anapaza sauti ya puani, "Yalla, Maria, yalla!" kwa sababu jina la Nafula lilimshinda yule mama. Alama ya pasi aliiita cheti chake cha Riyadh. "Wengine wanarudi na dhahabu. Mimi nimehitimu," alisema, na Mama alicheka mpaka akajichoma sindano. Mimi nikachukua simu ya Baba nikaanza kumrekodi. Alikuwa mwigizaji wangu, mimi nikawa Mwalimu. Nilimwambia simama hapa, geuka, rudia tena Da Nafula, na yeye mtu mzima alirudia bila kunung'unika.

Ijumaa moja tulimwonyesha Baba kipande ambacho Nafula kavunja kikombe na madam anakuja. Baba alivaa miwani. Alitazama mara mbili.

"Kamera umeiweka vizuri, mwanangu. Lakini woga huu wa dukani. Mwalimu angeutupa."

Nafula akacheka. "Aki Baba, woga yangu yote niliimaliza Riyadh. Imebaki tu ya kuigiza."

Mama naye akasema kutoka kwenye cherehani, bila kuinua kichwa, "Mzaha mzaha, hutumbuka usaha." Hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilikuwa nimeumia. Nilitaka Baba aseme neno moja jema, na nililitaka kuliko kitu chochote duniani.

Siku chache baadaye jibu la karatasi likaja. Ubalozi ukasema iko tayari, zilibaki siku tisa asafiri. Nafula alipiga vigelegele ndani ya mto ili majirani wasisikie. Mimi nikahesabu: siku tisa, Ijumaa moja.

Ijumaa hiyo alasiri Baba alikwenda msikitini, simu akaiacha kwenye chaji kama kawaida yake. Mama alikwenda kupeleka mabaibui. Hamdu, mwenye miaka kumi na mitano na sauti iliyokwisha kuvunjika, alijitia tumbo linamuuma, wakamwacha. Nilikuwa nimeshampanga tangu asubuhi.

Nilimsimamisha Nafula kando ya meza ya kukatia nguo. Nikamwambia avunje kikombe, halafu amngojee madam. Akavunja. Akaweka lile tabasamu lake la kujitia mjinga. Ndipo mlango ukalia, pa pa pa, kwa kiganja, na sauti ya Hamdu ikanguruma kwa Kiarabu cha mtaani kwetu: "Iftah! Jawazat! Iftah!" Fungua, sisi ni askari wa uhamiaji.

Hakupiga kelele. Tabasamu la mchezo lilibaki upande mmoja wa mdomo, halikupata nafasi ya kuondoka, na upande wa pili ukaanguka. Mkono wake ukaenda wenyewe kuifunika alama ya pasi. Halafu akafanya jambo ambalo sikulipanga. Alinishika mabega, akanisukuma chini ya meza, akanifunika na kitambaa cheusi.

"Salma, sikia. Hunijui. Sema mimi ni mwizi, nimeingia kuiba. Umesikia? Wasifukuze Mama yako." Alisema kwa upole, kama anayemlaza mtoto.

Nilikuwa na nafasi. Nataka mlijue hilo hata mkiyasahau mengine. Maneno yalikuwa mawili, ni Hamdu, na yalikuwa ulimini. Lakini simu ilikuwa mkononi, inachungulia kati ya mikunjo ya kitambaa, na ule uso ulikuwa mzuri mno. Nikafikiri, usikate.

Akakimbilia jikoni. Nikasikia komeo la dirisha. Nje Hamdu alikuwa anagonga huku akijizuia kucheka. Hapo ndipo niliposema, "Da Nafula, ni Hamdu," na hata hapo nililisema kwa sauti ndogo, sauti ya mtu asiyetaka kuharibu kazi. Nilipofika jikoni alikuwa kasimama juu ya sanduku la kiyoyozi, nje, vidole vimeshika ukingo wa dirisha. Alinitazama. Sijui kama alinisikia. Vyuma vilivyoshika kiyoyozi vikang'oka ukutani, na vidole vikaondoka kimoja kimoja.

Alianguka mbele ya duka, juu ya kreti za soda. Nyonga ilivunjika. Myemeni alivua kilemba chake akamfunika miguu, akapiga simu ya gari la wagonjwa, maskini, kwa wema wake, na gari likaja pamoja na askari wa kweli. Baba alitokea msikitini akakuta watu wamejaa. Akaniona mimi, akamwona Hamdu ambaye uso ulikuwa umemgeuka rangi ya majivu, akaona dirisha letu. Akaelewa kila kitu.

Askari akauliza nani anamfahamu mwanamke huyu.

"Simjui," Baba akasema.

Nafula alikuwa macho. Alisema kutoka pale chini, kwa Kiarabu chake cha jikoni, "Ana harami." Mimi mwizi. Akarudia mara ya pili, kwa nguvu, wasije wakakosa kusikia. Askari akanigeukia mimi, akainama kwa huruma kabisa, akaniuliza kama huyu ndiye aliyeingia nyumbani kwetu. Nikasema ndiye. Nikasema mwizi. Kiarabu changu kilikuwa kizuri kuliko chake.

Hospitali walimtaka ikama, hana. Wakatafuta jina lake, wakamwona ni mtoro. Kafili alitoka Riyadh kuja kumchukua. Habari tulizipata vipande vipande kwa wanawake wa Al-Hindawiyah. Kwanza kwamba kafungwa kwa wizi, halafu kwamba karudishwa nyumba ile ile, anafua akiwa amekaa kwa sababu kusimama hawezi. Baada ya hapo hakuna aliyejua. Karatasi yake ya safari ilikaa ubalozini mpaka muda wake ukapita. Mama aliacha kuzungumza na mimi kwa miezi miwili. Alinipikia, alinisuka nywele, lakini neno hakunipa.

Jioni ile ile ya Ijumaa, kabla ya magharibi, Mama alisema ile picha ifutwe. Baba akaichukua simu akaingia nayo chumbani. Nilimfuata nikasimama mlangoni. Alivaa miwani, akatazama mpaka mwisho, akarudisha nyuma, akatazama tena. Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu.

"Huu sasa ndio uso," alisema.

Halafu akaifuta picha, akaniambia nikalale. Nikenda kitandani na jua bado liko dirishani. Nawaambia ukweli, maana nimekuja kuusema: nyonga ya mtu imevunjika, mtoto wa Bungoma atangoja shambani mpaka achoke, na mimi nililala nina furaha.

Baba alifariki hapa Unguja mwaka juzi, kwa maradhi ya figo. Siku moja nikimlisha uji alianza mwenyewe habari za yule mwigizaji mzee, bila kuulizwa, na safari hii akasema sehemu aliyokuwa akiiruka. Yule mzee kabla ya hapo alikuwa ameshachukuliwa kweli, usiku, akakaa kambini miaka saba kwenye barafu. Ndiyo maana kunong'onezwa kulitosha. Mwalimu alijua. Kila mtu pale alijua, pamoja na Baba aliyekuwa ameshika taa. Mzee yule alimaliza filamu, akaenda nyumbani, hakuigiza tena maisha yake yote. "Nilikuwa kijana," Baba akasema. Akanitazama, akingoja nami niseme kitu. Nikampa kijiko kingine cha uji.

Na mimi kwa miaka mingi nimejiambia hivyo hivyo, nilikuwa mtoto. Mtoto hajui. Wanaonipenda wangeniambia hayo hayo, ndiyo maana siwaelezi. Lakini mtoto asiyejua angemwambia kaka yake apige kelele za moto. Angesema nyoka, angesema jini. Mimi nilikuwa na maneno yote ya dunia ya kumtisha Nafula, na asubuhi ile, nikiwa nimeshiba chai na mkate aliouoka yeye, nilimchagulia lile moja.