Namna ya Kuachia

Ofisini walimwita Mama Mizizi, maana kutwa alikuwa akipandikiza miche ya pilipili ya kuigiza ndani ya kompyuta, ili mashine ya kupandia isije ikaharibu miche halisi shambani. Kwenye skrini, vidole vya chuma vya mashine vilishusha mche na bonge lake la udongo shimoni salama, lakini kila vilipoachia, bonge lilipasuka na mizizi ikakatika. Alilaumu mshiko, akaulegeza, wapi.

Jioni moja mumewe alimlaza mtoto wao, akachomoa mikono taratibu kama mwizi.

"Haamki kwa kubebwa," alinong'ona. "Anaamka ukimwachia ghafla."

Kesho yake Mama Mizizi aliacha mshiko ulivyo, akapunguza kasi ya kuachia tu. Bonge likabaki zima. Jioni alimpasha mumewe habari.

"Hongera," akasema, akimkabidhi mtoto. "Basi leo mlaze wewe."