Nilivyomchukua Gugumaji Ikombe

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aoteshaye majani nchi kavu na majini, akanijalia uzee wa kuyaona.

Niliondoka Kyela mjini kwa sababu Mama Tumwesige, mfinyanzi wa Ikombe aniuziaye vyungu dukani, aliniletea habari mbaya. "Wanang'oa mayungiyungi yetu, Mzee Abdu, mgeni apate nafasi." Bwawa la Ikombe ndilo pekee lililobaki na maua hayo ya majini upande wetu, kwingine yalimalizwa na mashamba ya mpunga.

Asubuhi, Matema. Tulipanda mtumbwi sote wawili.

Ikombe, kabla ya adhuhuri. Mgeni mwenyewe alikuwa shina moja la gugumaji, lililoletwa na mchuuzi wa mitumba. Miaka ile biashara imefunguliwa, cha nje kilipewa heshima. Alikaa ndani ya chungu kikubwa, chini ya mwavuli, na mlinzi mwenye rungu akaniamuru nivue viatu.

"Mugonile," nilimsalimu mwenyekiti wa kijiji.

"Ndaga, Mzee. Msalimu na mgeni."

Nikamsalimu.

"Ana haya," alisema mwenyekiti. "Yuko peke yake duniani."

Nikamweleza niliyoyaona Mwanza: gugumaji limetanda ziwani, mitumbwi haipiti.

"Lakini ni ndugu wa yungiyungi. Wote maua yao ya buluu."

Nikaliinua. Mizizi ilining'inia, vikonyo vimejaa hewa, huelea popote. Yungiyungi hushika tope, na jani lake bapa limepasuka upande mmoja. "Hawa si ndugu hata kwa ndoa."

"Sawa. Lakini kwetu mgeni hafukuzwi. Huaga mwenyewe, au jamaa zake waje kumchukua."

Mama Tumwesige akanikodolea macho. Sikusema uongo: "Mimi na yeye tumeumbwa na Mungu mmoja. Nimekuja kumchukua."

"Kumbe ni mtu wako! Mbona hukusema?"

Alasiri, ufukweni. Mgeni alipewa mchele wa njiani na kuku wa kuchoma. Akina mama walimsindikiza wakilia. Mama Tumwesige alicheka mpaka akakaa mchangani. Kuku nilimla kwa niaba yake.

"Sasa aliye peke yake ni yungiyungi," nilimwambia mwenyekiti nikiaga.

Kyela, nyumbani. Nilimwanika juu ya bati mpaka akakauka, nikamchoma. Watu wa Ikombe wakija dukani huuliza kama hajambo. Nawajibu ametulia. Nilijifunza kwamba ukarimu huokoa, ukimpata anayestahili kuupokea. Yule mlinzi sasa yuko bwawani na rungu lake, na anayekaribia mayungiyungi huvua viatu.

Nawe usomaye, Mungu akupe wenyeji wakarimu, na jamaa wa kukufuata kwa wema.