Mama Kinanda Akataa Kiti cha Mbele

Mtaa mzima unamwita Mama Kinanda, ingawa wengi wanaomletea sare za shule azishone hawajui jina lilitoka wapi. Ujanani alikuwa mpapasa kinanda wa Gereji Jazi, bendi iliyofanyia mazoezi kwenye karakana ya kaka yake, katikati ya magari mabovu na harufu ya grisi. Walipiga jazi iliyokolea mahadhi ya soul ya Wamarekani weusi, bila mwimbaji. Wakatoa santuri moja tu. Redio haikuipenda, na kumbi zilitaka nyimbo za mapenzi. Bendi ikafifia: huyu kaoa, yule kahamishwa kikazi, naye akarudi kwenye cherehani bila kinyongo.

"Tulikuwa moto," alizoea kusema. "Wasiotusikia ndio waliokosa."

Mwaka jana muuza santuri akabisha hodi.

"Shikamoo, mama. Ndiwe wewe wa Gereji Jazi?"

"Marahaba. Ndimi. Umechelewa!"

Akamweleza kwamba santuri yao inasakwa kama dawa, na vijana wanapeana nakala zake. Yeye na wenzake wangeiandalia bendi onyesho la heshima: vijana wapige, Mama Kinanda akae kiti cha mbele.

"Nikae nipigiwe makofi kama bibi harusi? Thubutu! Nitapiga mwenyewe."

Kaka yake, mpuliza saksafoni, akasita. "Dada, meno yenyewe haya yameng'oka."

"Saksafoni haitafunwi, kaka."

Mpiga dramu alishafariki, lakini alimwachia ufundi binti yake, muuguzi. Akaitwa, akaja.

Siku ya onyesho, ukumbi ulifurika. Muuza santuri akamnong'oneza, "Mama, wanaomba iwe kama kwenye santuri, vilevile."

"Kwenye santuri nilikuwa msichana mwenye haraka zake. Leo watanisikia mimi wa leo."

Akaanza taratibu mno. Kwa mara ya kwanza akajiuliza: je, nimewaharibia? Ndipo sauti moja nyuma ikaanza kuuimba mlio wa kinanda, la-la-la, ikafuata ya pili, kisha ukumbi wote. Waliujua wote, hata pale kidole chake kilipoteleza zamani studioni. Akainua mikono, akawaachia waubebe. Kwenye dramu, binti analia huku anapiga. Kisha Mama Kinanda akarudi kwa kishindo, watu wakapanda juu ya viti.

Sasa wanarekodi upya. Sare bado anashona, ila kila Alhamisi mlango umefungwa. Mteja akipiga simu kulalamika, anajibiwa, "Mwanangu, niko kazini."