Nilivyopiga hodi kwa dubu, milimani Slovakia

Wakuu, heshima zenu. Hiki ni kisa changu cha 2006, sijatia chumvi hata punje.

Nilikuwa care worker, mhudumu wa wazee, Birmingham, Uingereza, pande za Erdington. Mwaka wa saba sijakanyaga kwetu Lushoto. Kila likizo ikija naigeuza overtime, mama namwambia kwenye simu, "Mwakani, mama, Mungu akipenda."

Kazini kulikuwa na dada wa Kislovakia, jina lake Jana. Akanialika kwao siku nne, nipumzike. Nikaomba visa, nikapata.

Wakuu, kule ni milima, ukungu, miti inanukia mvua. Nilijiona nimefika kwetu, milima ya Usambara kabisa. Moyo uliniuma.

Tukaenda kupanda mlima; mwanzo wa njia kuna kibao cha kuonya kuna dubu. Jana akanipa somo: dubu wa kahawia hapendi kushtukizwa, ongea akusikie mapema akupishe. Ukimwona, usikimbie ng'o.

"Just keep talking," akasema.

Niongee nini? (Kiingereza changu cha kazini kilikuwa "have you taken your tablets?" basi.) Mdomo ukajichagulia wenyewe.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Kila kona, hodi. Jana hoi kwa kicheko.

Huko juu, hatua kama sitini mbele, dubu jike na mwanawe wanakula matunda pori. Mama mtu akasimama kwa miguu miwili, akatutazama. Jana akanishika mkono, tukarudi kinyumenyume polepole, mimi bado "hodi, hodi" kwa upole.

Dubu akashuka, akamsukuma mwanawe, wakaingia msituni.

Tulipofika chini Jana akauliza lile neno lina maana gani. Nikamweleza.

"And what do they answer?"

"Karibu."

Kulitamka tu, machozi yakanitoka. Miaka saba sijapiga hodi popote. Birmingham ni kengele, tena unapiga simu kwanza.

Mwezi uliofuata nikaenda Lushoto, sikumwambia mtu. Nikasimama mlangoni kwa mama.

"Hodi!"

Akaitika kutoka jikoni, "Karibu mgeni, pita ndani."

Wakuu, kwenye simu mama ananijua kabla sijamaliza salamu. Pale mlangoni hakunijua. Dubu alinitisha, ila lile "mgeni" ndilo lililonichoma.

Funzo: milimani piga kelele. Na kwenu nako kapige hodi, sauti yako isije ikasahaulika mlangoni.

Wewe uliye mbali, mara ya mwisho kwenu uliitikiwa lini? Funguka hapa.