Nyavu Zilizongoja Machi

Harufu ya samaki mbichi wa ziwani katika mwezi wa Januari ni harufu ya kunyamaziwa. Kila mtu katika soko la mtaa wetu wa Kenya, hapa Lubumbashi, anajua hivyo, isipokuwa mimi. Mwaka huu shemeji zangu walikuwa wanakuja kutoka Likasi, na mke wangu, Mama Ruth, akanituma sokoni. Hilo hulifanya tu akiwa hana njia nyingine, maana mimi ni mtu wa ndani, na safari yangu ndefu kwa kawaida huishia kwenye geti letu. Nikapita kwenye meza za samaki wa barafu, wale tunaowaita tomson, mara pua ikanisimamisha. Chini ya meza ya mama mmoja, katika beseni lililofunikwa kwa majani ya muhogo, kulikuwa na harufu ya matope, ya mimea ya majini na ya mvua. Nikasahau umri wangu. Kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani, nikasema, "Mama, hawa si mpale wa Kilwa? Wabichi kabisa, kama wametoka majini jana." Nyuma yangu alikuwa amesimama bwana mwenye kofia, ambaye kazi yake ni kuhakikisha samaki wa ziwani hawauzwi katika fermeture, ile miezi ambayo uvuvi umefungwa. Bwana yule akainama, akafunua majani, akachagua samaki wakubwa "kwa uchunguzi", akawatia katika mfuko ambao tayari ulikuwa na wenzao, akaenda zake kwenye meza nyingine. Yule mama alinitazama kama mtu anayetazama cheche zikitua juu ya nyasi za paa lake. "Weye papa," akaniambia taratibu, "ulizaliwaka wapi? Wakati wa fermeture, samaki banaulizaka na macho, hapana na kinywa."

Nilirudi nyumbani na kabichi. Njiani nilijicheka, lakini kicheko kilikuwa na ladha ya nyongo, kwa sababu kati ya watu wote wa Kenya mimi ndiye niliyepaswa kujua. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja niliishi fermeture nzima Kilwa, kando ya Ziwa Mweru, na fermeture ile ndiyo iliyomla baba yangu. Kampuni ya shaba aliyoitumikia tangu ujana ilikuwa imepunguza watu, naye akatoka na kofia yake ya chuma na fedha za kumuaga. Wenzake walinunua baiskeli, wengine walinunua bia, mmoja alinunua suti nyeupe akaivaa hadi ikawa ya rangi ya barabara. Baba alinunua nyavu. Hakujua kuogelea. Alizaliwa katika kampi ya wafanyakazi, akakua kwa king'ora cha kampuni, ile sirène iliyomwambia saa ya kuamka, saa ya kwenda na saa ya kurudi, akaamini kwamba ziwa nalo ni kazi kama kazi nyingine: unafika kwa wakati, unafuata kanuni, kisha kitu kinaonekana mezani. Tulisafiri juu ya lori katika matope, Mama amekumbatia sufuria zake, mimi nimekaa juu ya nyavu zilizonuka plastiki mpya ya dukani, na kila lori liliponasa Baba alishuka kusukuma akiwa amevaa ile kofia ya chuma, kana kwamba mbingu ingeweza kumwangukia. Sasa najua kwamba ingeweza.

Tulifika Novemba ikiisha. Hata mizigo hatujaipanga vizuri, mtu wa kamati ya wavuvi akapita barabarani na megafoni: kuanzia Desemba hadi Februari inaisha, hakuna wavu majini, samaki wanazaa. Wenyeji walisikiliza kama watu wanavyosikiliza mvua juu ya bati. Baba peke yake alisimama wima. Alipoelewa kwamba amehamisha familia nzima kuja kuvua katika ziwa linalofungwa wiki ileile, hakulalamika. Alimfuata yule mtu wa megafoni na kumuuliza kwa heshima, "Tata, ile siku ya Machi banafungua saa ngapi?" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kuanzia hapo jina lake Kilwa likawa Saa Ngapi, na mimi nikawa Mtoto wa Saa Ngapi. Alikuwa akingojea king'ora, maskini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba ziwa halina.

Lakini lazima niseme ukweli: Baba aliipenda ile amri. Alipoulizia sababu yake aliambiwa habari za mpumbu, samaki mnene wa rangi ya fedha, ambaye mvua zikianza hupanda mito akiwa na tumbo limejaa mayai, kwenda kuzaa kwenye maji mapya. Ukimkamata njiani umekamata na wajukuu zake. Baba alirudi nyumbani na elimu hiyo kama mtu aliyerudi na nyama. Jioni, juu ya bukari, ugali wetu, na sombe la majani ya muhogo lisilo na mafuta, alitueleza kwamba kila tumbo la mpumbu ni kijiji kizima, na kwamba watu waliotunga kanuni hii walikuwa watu wa akili. Mama akasema kijiji chake yeye kilikuwa mezani pale na kilikuwa na njaa. Nyavu alizitundika ndani, kwenye miti ya paa, ili panya wasizifikie, nasi tukalala chini yake. Usiku zilining'inia juu ya macho yangu kama wingu lisilonyesha. Mashua alikuwa amekwisha kuikodi kwa Tata Chola, mwenye nyumba wetu, mvuvi mwenye meno mazuri na sauti nzuri, ambaye pia alikuwa mmoja wa wanakamati. Hesabu ya Baba ilikuwa moja tu: tukivumilia hadi Machi, ziwa litakuwa limejaa, na mavuno ya mwanzo yatalipa mashua, chumba na shule yangu. Yakikosekana, hakuna pa kurudi, kwa sababu nyumba ya kampi ilikuwa na watu wengine tayari. Mvumilivu hula mbivu, tulifundishwa darasani. Mwalimu hakutuambia mbivu huwa mikononi mwa nani wakati mvumilivu bado anavumilia.

Mvua za Kilwa hazinyeshi, zinaanguka. Mchana zilishuka zikafuta ziwa, zikafuta njia, hata mbuzi wa jirani hukuwaona, na katikati ya kelele hiyo nilianza kusikia kelele nyingine kutoka upande wa matete: tumpu, tumpu, tumpu. Mwanzoni nilidhani ni wanawake wanatwanga. Tata Chola ndiye aliyenieleza, kwa fahari ya mwalimu mzuri: huko ni kutumpula, watu wanapiga maji kwa fimbo nzito ili samaki wakimbie kwa hofu na kuingia wavuni. Kutumpula kulikatazwa mwaka mzima, sembuse Januari. Wao walingoja mvua kubwa, kwa sababu mvua ikinyesha mlinzi wa ziwa hukaa ndani, na mlinzi akikaa ndani hajaona. Jioni Kilwa nzima ilinuka mayai ya mpumbu yakikaangwa. Harufu ile sijapata kuisahau, nzito, tamu, ya mafuta yenyewe bila mafuta ya kuongeza, ikiingia kwetu kupitia ukuta wa matete na kukaa nasi mezani kama mgeni asiyeaga. Siku moja mke wa Tata Chola alituletea sahani imefunikwa. Mama aliifunua, na midomo yetu sote ikajaa mate. Baba aliifunika tena kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia niirudishe na kusema asante sana. Niliibeba ile sahani mpaka mlangoni kwao nikilia kimyakimya, na sina aibu kusema kwamba kidole changu kimoja kilionja.

Kesho yake Tata Chola alikuja mwenyewe. Alikaa kibarazani, akamsifu Baba kwa heshima yake, kisha akasema, "Mupangaji, leo mvua itanyesha. Kuya na wavu yako. Ule mulinzi mwenyewe njo anatubebeaka mufuko." Baba akajibu kwamba kama imefungwa, imefungwa. Tata Chola hakukasirika. Alimwangalia kwa huruma halisi, kama tunavyomwangalia mtu anayeongea peke yake barabarani, akasema, "Ni wazi, mupangaji. Basi utulindie ziwa yetu." Mama alingoja mgeni aondoke. Hakupandisha sauti, Mama yangu hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alisema tu, "Baba Mwila, weye ulioaka sirène ao ulinioaka miye?" Baba alitazama nje. Mvua ilikuwa imeanza, na baada ya muda mfupi ile sauti ikaanza nayo. Alikaa akiisikiliza, mikono juu ya magoti, mikono mikubwa ya mtu aliyezoea kushika vyuma, na kila pigo lilipotua niliona kidole chake kimoja kikiruka kidogo.

Machi ilifika. Baba alinyoa ndevu na kuvaa shati la Jumapili. Alikuwa wa kwanza pwani, na kwa kuwa hakuna aliyepiga chochote, alijifungulia ziwa mwenyewe: alitazama jua, akasema, "Basi," akasukuma mashua na kijana aliyekodiwa kupiga kasia. Mimi na Mama tulisimama tukiwa na mabeseni. Alirudi na samaki ambao hata chini ya beseni hawakufunika. Siku ya pili hivyohivyo, na wiki ya pili, na mwezi ukaisha. Mpumbu walikuwa wameliwa Januari, pamoja na vijiji vyao. Waliobaki ziwani walikuwa wadogo, na nyavu za Baba zilikuwa za macho makubwa, kwa sababu alinunua kama kanuni inavyosema, vidole vitatu viingie bila kukwama. Wale wadogo walipita ndani yake kama wanafunzi wanaotoka darasani. Wenzake walikuwa na nyavu za macho madogo, wengine walivuta hata vyandarua vya mbu, na walirudi wamejaa. Na siku wakaguzi walipopita kupima nyavu, ya Baba ndiyo waliyoitandaza mchangani ili watu wote waone wavu halali unavyokuwa. Walimpongeza. Mmoja alimshika mkono. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ule wa Kilwa ulikuwa na meno upande mmoja tu, na Baba alikaa upande huo kwa hiari yake.

Nyavu alizichukua Tata Chola kufidia mashua. Hakwenda nazo majini, hazikuwa na faida kwake. Alizungushia bustani yake ya mboga, kuku wasiingie. Asubuhi tulipopanda lori la kurudi, niliziona pale, bado zina rangi yake ya dukani, na kuku mmoja mdogo amepita katikati ya tundu, anadonoa kwa raha zake. Baba aliona pia. Alipanga sufuria za Mama upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

Mjini alipata kazi ya kulinda nyumba ya tajiri mmoja. Alifungua geti honi ikipigwa, akafunga, mpaka miguu ikakataa. Mimi nilimaliza sekondari kwa mandazi ya Mama, nikajifunza kukaa nyumbani, kwa maana mtu aliyewahi kuona baba yake akienda mbali kutafuta riziki hupenda kuitafuta karibu. Kila Desemba redio hutangaza fermeture kwa sauti ileile, na kila Januari mabeseni hufunikwa majani. Malori yenye barafu yanapita usiku na mchana. Watoto wangu wanakula tomson, samaki wa bahari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona, na wanampenda, na siwalaumu. Nikiwaambia kuhusu mpumbu mwenye kimo cha mkono wa mtu, wanatazamana kama nilivyokuwa nikitazamana na wenzangu babu aliposema zamani chumvi ilikuwa tamu. Zamani tulikosa samaki kwa sababu tulikatazwa. Leo hakuna anayekatazwa kwa kweli, na hata samaki wa kukatazwa wamekwisha.

Jioni ile ya kabichi, shemeji walipokwisha kuondoka na midomo yao mikavu, nilikaa nje na jirani yetu, Papa Kazadi, fundi wa redio, mtu wa asili ya Kasai asiyejua kupaka maneno sukari. Nilimsimulia yote, kuanzia lori hadi kuku, kwa sababu kwa miaka mingi nimemweka Baba moyoni kama mtu mwaminifu peke yake katika pwani nzima, na nilitaka, mara moja tu, mtu mwingine aseme hivyo kwa sauti. Papa Kazadi alizungusha bisibisi yake ndani ya redio ya mtu, akapuliza vumbi, akasema bila kuinua kichwa:

"Ile ziwa habakuifungaka. Balimufungaka baba yako."